Sita Isiyo na Mwenyewe

Siku ya kwanza nilipewa kiti, nywila na maneno mawili:
"Soma kwanza."
Mafaili mia nne na kumi na moja,
kazi ya watu saba. Watano wameshaondoka,
mmoja hapokei simu, wa saba ni Tusekile,
ambaye kila nikimuuliza husema, "Hapo mimi sigusi."

Nikashuka ngazi hadi dukani, Mwanjelwa,
nikanunua kauntabuku ya kwaya mbili
iliyokuwa imelala kati ya betri na sabuni za mche.

Julai ya Mbeya haina huruma na vidole.
Nje, mlima Loleza umejifunika ukungu hadi mabegani.
Ndani, naandika kwa glavu zilizokatwa ncha.

Ukurasa wa 1. Programu hii hupima majani ya chai.
(Hilo nalijua. Nimeliandika ili mkono uanze.)
Ukurasa wa 2. Mkulima huitwa "mkulima" kwenye faili hili,
"mwanachama" kwenye lile, na kule chini "m2".
M1 yuko wapi?
Ukurasa wa 5. Kuna mtu ameandika USIFUTE. Hakusema kwa nini.
Ukurasa wa 6. Nimefuta. Vituo vyote vimezimika.
Nimerudisha. Sasa najua kwa nini,
ila sijui namna ya kuisema.

Msimbo wa watu wengi ni shamba la ukoo:
mmoja alipanda mparachichi katikati ya njia,
na njia ikajifunza kupinda.

Ukurasa wa 9, kwa wino mwekundu:
Sita hii ni ya nani?
Nimeihesabu mara kumi na nane. Kila penye saa, pana + 6.
Saa ya kupokea kikapu, + 6.
Saa ya kufunga mizani, + 6.
Nikadhani ni makato.
Nikadhani ni siku za juma ukitoa Jumapili.
Nikadhani, Mungu anisamehe, ni wizi,
mtu anachota kidogo kidogo kwa wachumaji wa Rungwe
na kuficha kijiko humu ndani.
Nikaandika makisio yote, na tarehe,
na jina la niliyemshuku.

Jumatano mama akapiga simu kutoka Kiwira.
"Kesho upande basi la kwanza, la saa moja.
Usichelewe, ndizi zinaiva."
Nikashika simu nitege kengele,
kidole kikabonyeza saba bila kuniuliza.

Saba.

Nilicheka peke yangu mpaka Tusekile akavua miwani.
Miaka ishirini na sita naongeza sita kila asubuhi,
bila maelezo, bila kufundishwa,
na nilipoikuta imeandikwa sikuitambua.
Karani wa kituo huandika saa kama aisemavyo.
Mashine huanza siku yake gizani,
wakati mbwa tu ndio macho.
Na Ambakisye, yule asiyepokea simu,
yule yule niliyemshuku,
alisimama katikati yao akawa mkalimani,
mara kumi na nane,
kisha akahamia Dodoma bila kuaga.

Kwenye msimbo wa wote nimeacha mstari mmoja:
Sita ni tofauti ya saa yetu na saa ya mashine.
Maneno manane, yamenigharimu wiki mbili.

Kwenye kauntabuku nimeacha kila kitu,
wino mwekundu, kijiko, tarehe,
na jina la Ambakisye, nililolikata kwa mstari
ambao haukulifuta vizuri.
Tusekile ameniomba aisome.
Nimemwambia asubiri kwanza.

Ukurasa wa 10. Sita hufanya kazi mchana tu.
Mizani hufungwa kabla ya giza, ndiyo maana haijakosea.
Siku wakipima usiku, sijui.

Ukurasa wa 11. M1 bado sijamwona.